Huenda Mto Ukajaa

Tarehe 2 Machi

Kaka,

Barua hii nimemkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, yule mwenye pengo, maana ya posta ingekufikia mvua zimeshakwisha. Mimi sijambo. Wasiwasi wangu ni juu yako na wifi na Chiriku, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea ya barua.

Jana wataalamu wa hali ya hewa walituletea karatasi. Kazi yangu unaijua: wao wanaandika kwa lugha yao, imejaa asilimia na mishale, mimi naigeuza iwe Kiswahili cha kusomwa redioni jioni, halafu naisoma mwenyewe. Karatasi inasema milimani mvua haijapumzika mwezi mzima. Ardhi imeshiba. Mambo yakiendelea hivi, mto wenu utateremsha maji ambayo kingo zake haziyawezi. Wameutaja mtaa wa chini kwa jina, kaka. Kiwanda chako cha mbao kinatazamana na maji, na nyumba yako iko mgongoni mwa kiwanda.

Najua utakavyojibu. Mwaka jana nilisoma "mto utafurika," mtaa mzima mkahamia uwanja wa mpira na magodoro vichwani, mto ukapita zake kwa adabu, na mliporudi mkakuta milango imevunjwa. Sijasahau ulichopoteza. Lakini karatasi ya mwaka jana ilisema vile, nami nikasema vile.

Tangu siku ile Mhariri wetu anayaogopa maneno ya mbele kama moto. "Utafurika" ameniambia nilisahau kabisa. "Utabiri" nalo halitaki, anasema wasikilizaji wakilisikia wanawafikiria wapiga ramli. "Kubashiri" ni la wacheza kamari za mpira. "Kukisia" linatufanya tuonekane tunabahatisha. Basi tumebakiwa na "kutarajia": mvua kubwa zinatarajiwa. Mtu anatarajia mgeni, kaka, au anatarajia mtoto. Mafuriko nani anayatarajia?

Kwa hiyo nakuandikia kwa maneno yangu, si ya redio. Hama. Mpandishe wifi na mtoto kwa mama mkwe wako kule juu karibu na shule, na mbao uzitafutie lori. Nijibu kwa basi hilohilo.

Mdogo wako

*

Tarehe 5 Machi

Mheshimiwa Sauti,

Barua imefika, inanuka vitunguu. Sijui yule mwenye pengo aliiweka wapi. Huku sote tunapumua. Chiriku anaongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi unapomkatiza katikati ya sentensi. Kila jambo lina swali, na kila jibu lina swali lake. Wifi yako anasema mtoto amerithi mdomo wa shangazi yake.

Sasa hilo la kuhama. Unajua jina langu jipya mtaani? Kaka wa Nabii. Nikipita tu, jirani yangu Kinyozi ananiita na wembe mkononi: "Kaka wa Nabii! Leo tuoge, au tusubiri mto utuogeshe?" Wateja wake wanacheka mpaka anaogopa kuwakata. Nami nacheka, nifanyeje? Mimi ndiye niliyewagongea milango mwaka jana, nyumba hadi nyumba, nikisema dada yangu kasema, dada yangu hakosei. Tukalala uwanjani watoto wakikohoa. Niliporudi, randa zimekwenda, misumeno imekwenda, ile mashine ya kutobolea niliyoipata kwa jasho imekwenda. Wezi hawakungoja utabiri wa mtu.

Halafu kuna madawati. Shule imenipa kazi ya madawati ya madarasa yote mapya, kazi kubwa ya kwanza tangu niibiwe. Mbao zimejaa kiwandani mpaka darini. Lori halipatikani, yote yanabeba kokoto za barabara mpya. Nikiziacha hizi bila mtu, nitarudi nikute maranda sakafuni.

Na maneno ya mbele usinifundishe, mdogo wangu, mimi ni fundi. Hakuna watu wanaotabiri uongo kama sisi. Mteja akiuliza kitanda kitakuwa tayari lini, namwambia "kesho." Yeye anajua kesho si kesho, mimi najua kwamba anajua, na tunaagana vizuri. Kesho ya fundi maana yake ni "sijakusahau." Kinyozi naye ana "dakika mbili tu" zake, watu wanazeekea kwenye benchi. Redio ndiyo iliyokuwa ikisema "utafurika" na kumaanisha "utafurika." Ndiyo maana tulikimbia.

Jana lakini Kinyozi alinijia bila mzaha. Alikaa juu ya rundo la mbao, akasema, "Mwambie dada yako hivi. Akisema tena mto utafurika, naondoka, hata kwa aibu. Akituletea huenda na pengine, nakaa, nanyoa watu." Na si yeye peke yake. Wamekununia, lakini jioni kila redio ya mtaani inafunguliwa kukusikiliza wewe.

Usikonde. Mto nauona kila asubuhi nikipiga mswaki. Uko chini, umelala.

Kaka yako, Fundi

*

Tarehe 9 Machi

Kaka,

Mto kulala kwake si kitu. Leo amekuja ofisini mtaalamu wa mito mwenyewe, mama mmoja mwembamba mwenye matope mpaka magotini, katoka milimani moja kwa moja. Nikamwomba aniambie kwa lugha ya kawaida, kama anavyomwambia mtu wa nyumbani kwake. Akafikiri, akasema, "Mto ukiwa na hali hii mara kumi, mara saba unatoka nje. Na ukitoka, hautatoka na mvua. Maji yatakuja kutoka juu, huko chini kunaweza kuwa na jua."

Umesikia? Kunaweza kuwa na jua.

Nikaenda kwa Mhariri na karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika, "Mto utafurika. Wakazi wa mtaa wa chini wahame." Akavua miwani.

"Mara saba kwa kumi si mara kumi kwa kumi," akasema.

"Basi tuseme hivyohivyo, mara saba kwa kumi."

"Redio si mnada. Sema huenda."

"Huenda ni neno la mtu asiyejua."

"Nasi hatujui," akasema. "Wewe unajua? Mwaka jana ulijua? Nilipokea malalamiko mpaka simu ikawa ya moto. Watu waliibiwa, mtoto mmoja alilazwa kwa homa ya mapafu. Hayo nani aliyatabiri?"

Ni kweli, mtoto alilazwa. Mhariri si mtu mbaya, kaka, usimfikirie hivyo. Anabeba lawama za watu wengi na analala kidogo. Lakini nilimwambia kwamba "huenda" sitaisoma. Nilimweleza habari za Kinyozi, kwamba kuna watu wamekaa wanasubiri neno moja tu. Akasema ataamua mwenyewe ikifika saa ya kuamua.

Kwa hiyo nipo kwenye ugomvi, na ugomvi huu siwezi kuupigana vizuri huku nawaza nyumba yako. Nikifumba macho namwona Chiriku. Nikiandika sentensi sijui kama naandika kwa sababu ni kweli au kwa sababu naogopa. Mhariri ameliona hilo. Jana kaniuliza mbele ya wenzangu, "Hapo ni mfasiri anaongea au ni dada mtu?"

Nisaidie. Hama, uniambie umehama. Mstari mmoja unatosha. Nikijua mko juu, nitaweza kusimama mbele ya Mhariri na kichwa kilichotulia.

Mdogo wako

*

Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Umeshinda. Tumehama.

Tuko huku juu kwa mama mkwe, nyumba ni ndogo, tunapishana kwa zamu kama kwenye foleni ya maji. Mama mkwe amefurahi kwa siku moja, sasa anauliza kwa upole tutakaa mpaka lini. Chiriku amepata marafiki wapya wa kuwachosha kwa maswali. Wifi yako anakusalimu, ameleta cherehani yake na ameshapata wateja.

Mbao pia nimezipandisha. Nilipata lori la rafiki. Kiwanda nimekifunga kwa kufuli mbili, hakina kitu ndani isipokuwa panya, nao wakitaka kuhama ni juu yao.

Kwa hiyo tulia. Kula. Mara ya mwisho nilipokuona ulikuwa umekonda kama ufito. Pigana na Mhariri wako ukitaka, lakini usifukuzwe kazi kwa ajili yetu. Sauti yako tukiisikia jioni ni kama umekuja kutembea. Chiriku huiweka redio sikioni kabisa, anaamini uko ndani na una njaa.

Kaka yako, Fundi

*

Tarehe 14 Machi

Kaka yangu,

Ah, nimelala! Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Nimecheka peke yangu hapo kwenye panya, wenzangu wakanitazama.

Nikwambie yaliyotokea jana, uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa Kinyozi. Karatasi nyingine ilikuja mchana, nzito kuliko ya kwanza. Nikaandika kama nilivyoandika mwanzo. Dakika chache kabla ya kuingia studio Mhariri akaniletea karatasi nyingine, ameiandika kwa mkono wake: "Huenda mto ukajaa katika baadhi ya maeneo. Wananchi wanashauriwa kuwa waangalifu." Nikamwambia, "Nimeshakwambia, hili sisomi." Akasema, "Basi atasoma mwingine. Na kesho, na keshokutwa."

Juzi ningeichana mbele yake. Naapa ningeichana. Lakini barua yako ilikuwa mkobani, nikajiona nimetulia, nikamwona na yeye alivyochoka, macho mekundu. Nikasema moyoni, wangu wako juu. Na wale wengine ni watu wazima, mto wanauona wenyewe. Nikaingia nikasoma.

Nilipotoka Mhariri alinishukuru. Sikuipenda shukrani ile.

Hebu mwambie Kinyozi kwa siri, bila redio, kwamba mimi nasema aondoke. Mwambie ni neno langu. Na mto ukitoka au usitoke, pumzika huko juu wiki mbili zaidi.

Nikipata likizo nitakuja. Mwambie Chiriku siko ndani ya redio, na nimeshakula.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Machi

Wifi yangu,

Mimi si mtu wa kuandika, kalamu naishika kama sindano. Lakini nguzo za simu zimeanguka na daraja limekatika, basi linazunguka njia ya milimani, kwa hiyo hakuna namna nyingine. Kaa chini kwanza. Kama kuna mtu karibu, mwite.

Kaka yako amefariki. Mto ulitoka Jumapili, tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi. Alikuwa kiwandani.

Tulimpata siku ya pili, tukamzika siku ya tatu, huku juu nyuma ya shule. Hatukuweza kukusubiri, nisamehe. Hatukujua hata kama barabara itafunguka.

Lazima nikwambie yote, kwa sababu barua yako ya tarehe kumi na nne imeletwa jana na nimeifungua mimi. Kwa hiyo najua unachokijua na usichokijua.

Hakuhama. Sisi ndio tuliohama, mimi na Chiriku. Yeye alikataa. Lori hakupata, hilo la rafiki hakuna. Alilala kiwandani juu ya mbao zake na panga kando, kwa sababu ya wezi, na mimi nilimpelekea chakula kila siku. Ile barua aliiandikia hapa mezani kwa mama. Nikamwambia, unamdanganya dada yako. Akasema, "Sijamdanganya, nyinyi si mmehama? Yule ana roho nyepesi, ana ugomvi kazini, nikimwambia ukweli atafukuzwa kwa kupiga kelele." Akanikataza kukuandikia. Nikanyamaza. Na hilo nitakaa nalo.

Lakini alinipa ahadi. Alisema, "Mimi nasikiliza redio. Dada akisema mto utafurika, ziende mbao, ziende na madawati, nitapanda hukohuko na ndala zangu." Namjua, angefanya hivyo.

Ijumaa jioni nilikuwa pale kiwandani nimempelekea chakula. Kinyozi alikuwepo, tukafungua redio. Ukasoma. Huenda mto ukajaa katika baadhi ya maeneo. Kaka yako akacheka, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akamwambia Kinyozi, "Umesikia? Huyu namjua tangu anatambaa. Angekuwa na hofu angesema. Amesema huenda, basi ni huenda." Akaendelea kula.

Mimi nilirudi juu nikiwa na amani. Sitaki nikufiche na hilo. Hata mimi nililala.

Jumapili kulikuwa na jua. Watu wameanika nguo. Kinyozi ana mteja kitini, upande mmoja umenyolewa. Anasema alisikia kama malori mengi yanakuja, akageuka akaona maji ya rangi ya udongo yamebeba mti mzima. Wakapanda ukuta, yeye na mteja wake, wakafika paa. Anasema alimwona kaka yako mlangoni, alikuwa na nafasi ya kutoka. Akarudi ndani kufunga kamba kwenye rundo la mbao. Maji yakaziinua mbao zote kwa pamoja, zikaja mlangoni, zikaziba. Kinyozi alimwita mpaka sauti ikakauka. Hanyoi tena. Anakuja hapa kila asubuhi, anakaa nje, jioni anaondoka.

Mtaani tumepoteza watu wengine pia. Mama muuza mkaa. Wale vijana wawili wa gereji.

Wifi, sijui nikukasirikie wewe au nimkasirikie yeye. Yeye sina pa kumpata. Usiku huwa nakukasirikia wewe, asubuhi inanitoka. Nakwambia kwa sababu sitaki tufichane tena katika nyumba hii.

Kuna jambo la mtoto. Siku ya mazishi mama yangu alimpeleka kwa jirani, hakuona kitu. Amemwambia baba amesafiri. Nami sina nguvu ya kusema vingine, akiniuliza namwambia "tutaona, mwanangu, tutaona." Jana kaniomba karatasi. Nimeiweka humu bila kuisahihisha.

Wifi yako

*

Shangazi shikamoo. Bibi anasema baba amesafiri kwenda kununua mbao. Lakini viatu vyake viko hapa vyote. Mama anasema tutaona. Kinyozi nikimuuliza anaangalia chini. Wewe ndiye unayejua mambo ambayo bado. Baba atarudi lini. Usiseme tutaona.

Chiriku

*

Tarehe 24 Machi

Wifi,

Barua yako imenikuta kazini. Nilikuwa nimesimama, sikukaa kama ulivyoniambia. Sasa nimekaa, ni siku ya pili nimekaa.

Jumatatu ya tarehe kumi na sita mimi ndiye niliyesoma habari za mto. Nilisoma kwamba watu kadhaa wanahofiwa kufa maji, miongoni mwao mwanamume mmoja aliyekuwa akilinda mali yake kiwandani. Nilisoma vizuri, bila kukwama. Nikamhurumia mtu huyo kama unavyomhurumia mtu wa habari. Nikawaza, kaka atakuwa anamfahamu, nitamuuliza. Kisha nikanywa chai.

Kukasirika kasirika, wifi. Usiniombe radhi kwa hilo. Neno alilokuwa akilisubiri lilikuwa mkononi mwangu, limeandikwa, nikaliweka chini. Nililiweka kwa sababu alinidanganya. Naye alikaa kwa sababu aliniamini. Nimejaribu kuligeuza huku na huku nione ni nani alianza. Sioni. Wewe ukiuona mwanzo, niambie, hata kama ni mimi.

Nilimwendea Mhariri. Nilitaka anipe sababu ya kumchukia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Huenda ilikuwa sahihi. Hatukusema hautafurika." Hapo hapo akajifunika uso kwa mikono. Nikatoka.

Juzi jioni imeletwa karatasi nyingine, ya mto mwingine, mji mwingine kabisa. Wamesema mara sita kwa kumi. Karatasi ya Mhariri ilikuwa mezani, ina huenda yake. Niliiacha pale nikaingia studio nikasema kwa maneno yangu: "Mto huu ukiwa katika hali hii mara kumi, mara sita hufurika. Hatujui kama safari hii ni moja ya zile sita. Mimi ningekuwa na ndugu pale, ningemwambia ahame leo." Halafu nikasoma habari za michezo.

Amenisimamisha kazi. Hakunifokea. Aliniambia niende nyumbani mpaka wakuu waamue. Mto ule mpaka ninavyoandika haujatoka, na nasikia watu wa kule wamehama na wanalalamika. Wana haki ya kulalamika. Labda kuna mmoja ameshaibiwa. Sijui kama nimefanya vizuri. Najua tu kwamba nimesema nilichokijua, na nisichokijua nacho nimekisema.

Sasa nina nafasi. Nakuja. Nitapanda basi la Ijumaa linalozunguka milimani, nifike kwenu Jumamosi. Usinipikie, usiazime kitanda. Nionyeshe tu alipolala.

Kuhusu mtoto: nimeandika karatasi ya pembeni. Msomee wewe mwenyewe, mchana, ukiwa umempakata, na bibi awepo asikie, asije akamrudishia hadithi ya safari. Nilitaka kusubiri nije nimwambie kwa mdomo wangu. Lakini ameuliza kwa barua, na kila siku anayongoja inamfundisha kwamba viatu vile vinamsubiri mwenyewe.

Wifi yako

*

Chiriku wangu,

Marahaba. Umeandika vizuri, herufi zako zimesimama wima.

Umeniuliza baba atarudi lini. Baba hatarudi. Hatarudi kesho, wala ukipanda darasa, wala ukiwa mkubwa kama mama. Hakusafiri. Ule mto ulipotoka, maji yalimkuta kiwandani, akafa. Mtu akifa haumwi tena, hasikii baridi, hana njaa, na harudi. Wamemzika nyuma ya shule yako. Mama atakupeleka.

Bibi hakusema uongo ili kukuonea. Alikuwa anaogopa utalia. Unaweza kulia. Mimi nalia, na mama analia ukiwa shuleni.

Hukufanya kosa lolote. Baba hakukukasirikia. Alikuwa anakupenda, aliniandikia habari zako katika kila barua, nami nitakusomea zote.

Umesema mimi najua mambo ambayo bado. Siyajui, Chiriku. Watu wengine wanayapima, mimi nayasoma tu, na mara nyingine nayasoma vibaya. Maswali mengine uliyonayo niwekee. Nitakayoyajua nitakujibu, na nisiyoyajua nitakwambia siyajui.

Nitafika Jumamosi. Nikichelewa, usiogope na usikae nje kuningoja kwenye jua. Itakuwa ni basi tu limeharibika njiani. Nitashuka, nitangoja lingine, nitapanda hilo.

Shangazi yako